Barabara Inayoelekea Kwetu: Kusoma Riwaya ya Vita Nikiwa Mtu wa Dranya

Katika riwaya ya Goretti Kyomuhendo iitwayo Waiting, iliyochapishwa New York mwaka 2007, askari wa Idi Amin wanakimbia. Ni mwaka 1979 na utawala umeanguka. Wanapita Hoima wakielekea kaskazini, na njiani wanapora na kuua. Familia ya msichana Alinda, mwenye miaka 13, inaiacha nyumba jioni na kulala nje mafichoni, ikingoja watu hao wapite. Wakishapita hawana umuhimu tena katika hadithi. Wanarudi kwao, basi.

Kwao ni kwetu. Dranya ni sehemu ya wilaya ya Koboko, ambayo hadi mwaka 2005 ilikuwa ndani ya wilaya ya Arua, kwenye pembe ya Uganda inayopakana na Sudani Kusini na Kongo. Ukiifuata njia ile waliyokimbilia askari, ukavuka Nile kwenye daraja la Pakwach, ukapita Arua mjini na kuendelea kaskazini, unaingia Koboko. Baba yake Amin alikuwa Mkakwa wa Koboko. Kwa hiyo niliisoma Waiting nikiwa upande wa pili wa barabara ile, nikijua kwamba baadhi ya watu ambao Alinda anasubiri wapite walikuwa wanakuja kula chakula cha jioni kwa bibi yangu.

Ninalotaka kusema katika insha hii ni kwamba riwaya ya vita inayotokana na maisha ya ukoo hukoma pale macho ya ukoo huo yalipokomea. Hiyo si kasoro ya riwaya. Lakini msomaji wa historia hana budi kujua mahali pale ni wapi, ili asidhani kwamba vita navyo vilikomea hapohapo.

Tulipoijadili riwaya hii katika semina, baadhi ya wenzangu walisema haifai kuwa ushahidi wa historia kwa kuwa mwandishi amebuni wahusika na maneno yao. Wengine wakajibu kwamba ina ukweli kuliko vitabu vya historia. Naona pande zote mbili ziliuliza swali kubwa mno. Swali dogo lina manufaa zaidi: mwandishi alikuwa wapi, na kutoka pale aliweza kuona nini? Kyomuhendo alizaliwa Hoima mwaka 1965. Vita vilipofika kwao alikuwa na umri wa karibu sawa na Alinda. Hakuhitaji kwenda kwenye nyaraka kuuliza kijiji cha Bunyoro kilinukaje au kilikuwa kimya kiasi gani mwezi ule. Basi tuisome kama ushahidi wa hilo: wa mtoto wa kike aliyelala nje ya nyumba yao, si wa vita vizima.

Na ushahidi huo ni mzito. Tarehe za Vita vya Kagera tunazijua wote. Oktoba 1978 jeshi la Amin lilivamia mkoa wa Kagera na kuliteka eneo la kaskazini mwa mto. Tanzania ikajibu, pamoja na wapiganaji wa Uganda waliokuwa uhamishoni. Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979, na tarehe 3 Juni majeshi ya Tanzania yakafika mpaka wa Sudani. Kwa Kiswahili tunacho kitabu cha Baldwin Mzirai, Kuzama kwa Idi Amin, kilichotoka mwaka 1980, vita vilipokuwa bado vibichi vinywani mwa watu. Kitabu cha namna hiyo kinatupa majeshi, miji na makamanda. Hakiwezi kutupa usiku mmoja. Katika Waiting karibu kila jambo ni usiku mmoja, kisha mwingine: nani abebe mkeka, nani abaki na mama ambaye ni mjamzito na hawezi kukimbia, moto uzimwe saa ngapi. Mama anajifungua katika hali hiyo na kufariki, na Alinda anaachiwa mtoto mchanga. Hakuna risasi iliyompiga mama huyu. Katika hesabu ya waliokufa vitani sidhani kama angeandikwa, na bado ni vita vilivyomuua.

Sehemu iliyonishughulisha zaidi, hata hivyo, ni jinsi mwandishi anavyowagawia watu sura. Wakombozi wanapofika, yumo Mtanzania anayeitwa Bahati. Ana jina, anazungumza, anacheka, vijana wanamzoea. Yumo jirani, mwanamke Mlendu kutoka ng'ambo ya Ziwa Albert, ambaye wanakijiji wanamtazama kwa shaka na kumwita kwa kabila lake tu. Lakini hata yeye taratibu tunamjua, na msomaji anaona kwamba shaka ile haikuwa na msingi. Mgeni wa kusini ana uso. Mgeni wa magharibi ana uso. Wa kaskazini ni buti, sauti na giza.

Mwenzangu mmoja, naye ni wa kwetu, alikasirika. Alisema riwaya hii inaendeleza yale ambayo watu wa West Nile tumeyasikia tangu tulipoanza shule kusini, kwamba sisi ni watoto wa wauaji. Ninamwelewa, lakini sikubaliani naye. Mtoto aliyelala kifudifudi migombani hawezi kuona uso wa mtu anayepita na bunduki. Kama Kyomuhendo angemsimamisha askari mmoja na kumpa hotuba kuhusu mama yake aliyemwacha Koboko, ningeifunga riwaya pale pale, kwa sababu ningejua ameacha kusema aliyoyaona na ameanza kutuhurumia.

Aliyepaswa kutuonyesha uso ule ni mtu aliyeuona ukiingia mlangoni. Yaani sisi.

Kabla ya kufika huko, ni lazima nirudi nyuma kidogo, maana barabara hii haikuanza kutumika mwaka 1979. Mwaka 1891 Lugard alikwenda Kavalli, upande wa kusini-magharibi wa Ziwa Albert, akawachukua askari walioachwa na Emin Pasha, wakiwa chini ya Selim Bey, pamoja na familia zao. Wengi wao walikuwa wametolewa katika nchi za Nile ya juu, huko huko kwetu na jirani zetu, na vizazi vyao ndio Wanubi wa leo. Lugard aliwaweka kwenye ngome za Toro ili kuizuia Bunyoro. Kisha katika vita vya Waingereza dhidi ya Omukama Kabalega, kuanzia mwishoni mwa 1893, askari hao walikuwa mstari wa mbele, na Hoima ikawa ngome. Kwa hiyo babu wa babu yake Alinda alikwisha kumwona askari wa kaskazini akipita shambani mwake, safari ile akiwa ametumwa na Mwingereza. Baadaye West Nile ikafanywa mahali pa kuchota vibarua wa mashamba ya kusini na askari wa King's African Rifles. Amin mwenyewe aliingia jeshini kwa mlango huo. Mark Leopold, katika kitabu chake Inside West Nile cha mwaka 2005, anaifuatilia historia hii akirudi nyuma hatua kwa hatua, na anaonyesha jinsi sifa ya ukatili ilivyobandikwa watu wa eneo hili na walewale waliowapa bunduki. Siitaji hoja hii ili kumsafisha mtu yeyote aliyepora Hoima. Aliyepora alipora kwa mikono yake. Ninaitaja kwa sababu riwaya ya ukoo mmoja hurudi nyuma kizazi kimoja au viwili, na barabara hii ina vizazi vinne au vitano.

Ukitaka kuona riwaya inavyoweza kumpa uso askari wa upande usiopendwa, soma Afterlives ya Abdulrazak Gurnah, ya mwaka 2020. Humo Hamza anajiunga kwa hiari yake na jeshi la Wajerumani katika Afrika Mashariki, anajeruhiwa na mkuu wake mwenyewe, kisha anarudi pwani akitafuta kazi na mahali pa kulala. Ilyas naye anakwenda kuwapigania Wajerumani na harudi. Miaka mingi baadaye ni kijana wa ukoo wake, aliyepewa jina lake, anayekwenda Ujerumani kufukua nyaraka, na anagundua kwamba mjomba wake alifia katika kambi ya Sachsenhausen. Wasomaji wengi wameona hapo kivuli cha mtu wa kweli: Mahjub bin Adam Mohamed, aliyejulikana Ujerumani kama Bayume Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam aliyekuwa mtoto jeshini katika Vita vya Kwanza na akafa Sachsenhausen mwaka 1944. Gurnah hamtetei Ilyas wala hamhukumu. Anamfanya mtu anayetafutwa na ndugu zake, na kwangu hilo linatosha.

Babu yangu mzaa mama naye alikuwa mtu wa kutafutwa, ila aliyemtafuta hakwenda mbali. Hakuwa mkubwa jeshini. Alikuwa dereva wa lori. Alifariki kabla sijazaliwa. Nyumbani kwetu Dranya kuna cherehani ya mkono, nyeusi, yenye maua ya dhahabu ambayo sasa yamefutika upande wa kulia ambako mkono hupita. Ilifika mwaka 1979. Bibi na babu walioana kambini, na kambini hawakuwa na cherehani. Nilimuuliza bibi:

"Bibi, hii babu aliinunua wapi?"

"Ilikuja na babu yako."

"Alitoka nayo wapi?"

"Mjukuu wangu, nimekwambia ilikuja naye. Na yeye alikuja na lori."

Hakusema zaidi, na katika adabu za kwetu mjukuu haulizi mara ya tatu. Sina ushahidi kwamba cherehani ile ilitolewa katika nyumba ya mtu Hoima, au Masindi, au mahali pengine popote njiani. Inawezekana ilinunuliwa. Lakini tangu niisome Waiting siwezi kuiona bila kufikiri kwamba huenda kuna ukoo mahali fulani unaosimulia juu yake: mama alikuwa na cherehani, wakapita askari. Hivi ndivyo riwaya ilivyonifanyia kazi ambayo kitabu cha historia hakikuifanya. Kitabu cha historia kiliniambia askari walipora. Riwaya ilinifanya nitazame kilicho chumbani kwetu.

Kisha, kuna upande mwingine wa cherehani hiyo hiyo, na huu hauko katika riwaya yoyote tuliyowahi kupewa darasani. Hoima, kusubiri kuliisha wakombozi walipofika. Kwetu kulianza. Watu wetu walijua kwamba watalipishwa, kwa sababu mwaka 1971 na baadaye askari wa Amin waliwaua askari wa Kiacholi na Kilango makambini, na sasa ndugu za waliouawa walikuwa wengi katika jeshi jipya, UNLA. Watu walianza kuvuka mpaka hata kabla majeshi hayajafika. Watanzania walipofika, wazee wengi wanakiri kwamba walijizuia. Raia waliobaki hawakuchinjwa kama walivyotarajia. Lakini Watanzania hawakuja kukaa. Oktoba 1980 waliokuwa askari wa Amin walirudi kwa silaha kutoka Sudani na Zaire wakaishambulia Koboko na maeneo mengine ya West Nile, na UNLA ilipojibu haikutofautisha askari na mkulima. Nyumba zilichomwa. Arua ikawa magofu. Tarehe 24 Juni 1981 wanajeshi waliingia katika misheni ya Kikatoliki ya Ombaci, nje ya Arua, ambako watu walikuwa wamekimbilia wakiamini kwamba kanisani hawataguswa, wakaua makumi ya raia.

Bibi yangu alivuka Oktoba ile ya 1980. Mama yangu alikuwa na miezi minne. Waliokimbilia Sudani walikuta upande wa pili Wakakwa wenzao, kwa sababu mpaka uliochorwa na wakoloni uliligawa kabila moja katika nchi tatu. Hilo liliokoa maisha ya wengi kabla msaada wowote haujafika. Baadaye yakaja makazi ya wakimbizi. Barbara Harrell-Bond alifanya utafiti huko katika eneo la Yei miaka ya 1982 na 1983, na kitabu chake Imposing Aid, cha 1986, kinasomwa popote duniani panapofundishwa habari za wakimbizi. Nilipokuwa nakisoma nilihisi ajabu kidogo kugundua kwamba bibi yangu ni sehemu ya somo maarufu, na kwamba hakuna aliyemwambia.

Cherehani ilivuka naye. Babu aliibeba kichwani, naye bibi akabeba mtoto. Katika makazi bibi alishona magauni, akakata magunia na kuyageuza kaptula za watoto wa shule, akalipwa kwa mtama, kwa karanga, mara chache kwa pesa. Watoto wake watano waliishi kwa mashine ile hadi waliporudi Dranya mwaka 1986. Kwa hiyo kama kweli ilichukuliwa kwa mtu, mimi nipo kwa sababu ilichukuliwa. Sijui riwaya ya aina gani ingeweza kubeba jambo hilo bila kulirahisisha. Ya kuwashutumu askari isingeweza, na ya kuwalilia West Nile isingeweza pia.

Hapa lugha nayo inaingia, na wasomaji wa mkusanyiko huu watanivumilia, maana sote tuko hapa kwa sababu ya lugha. Wanafunzi wa Kiswahili kutoka Uganda tumezoea kuulizwa nyumbani: kwa nini mnasoma lugha ya askari? Amin aliitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na kwa watu wengi wa kusini ilikuwa lugha waliyoisikia ikiamrishwa kwenye vizuizi vya barabarani. Mwaka 1979 ikaja tena kinywani mwa Watanzania, safari hii ikiwa lugha ya wakombozi. Tanzania nayo ilimwita Amin nduli, neno ambalo mwanafunzi wa huko analijua tangu utotoni na ambalo mimi nililikuta kwenye kamusi nikiwa mkubwa, nikalitazama muda mrefu. Kwa bibi, Kiswahili hakikuwa lugha ya yeyote kati ya hao. Kilikuwa lugha ya jikoni kambini, ambako wake wa askari walitoka makabila ishirini na walihitaji kuazimana chumvi. Anakizungumza bila ngeli tulizofundishwa, kikiwa kimechanganyika na Kinubi na Bangala ya ng'ambo, na ndicho alichonilea nacho.

Ndiyo maana niliweza kumsomea Waiting. Kitabu kiko kwa Kiingereza, bibi hakijui. Nikawa nasoma ukurasa na kumgeuzia kwa Kiswahili chake, jioni tatu mfululizo likizo iliyopita. Nilikuwa na wasiwasi jinsi atakavyopokea habari za askari. Hakushangaa wala hakuwatetea. Aliposikia wanavyopita alisema tu, "Ndiyo, walikuwa hivyo," akaniambia niendelee.

Tulipofika mahali mama yake Alinda anapofariki, alinisimamisha.

"Huyo mtoto alinyonya nini?"

Nikaanza kurudisha kurasa nimtafutie jibu, lakini hakungoja. Alianza kunieleza ya kwake, na kwa mara ya kwanza bila kuulizwa. Walipovuka, maziwa yake yalikuwa yamekauka kwa njaa na kutembea. Alimpa mama yangu uji mwembamba wa mtama kwa ncha ya kidole, na mtoto akautema. Siku ya pili mwanamke mmoja wa upande wa Sudani, ambaye hawakuwa wanajuana, aliyekuwa na mtoto wake mchanga, alimchukua mama yangu na kumnyonyesha pamoja na wake, siku tatu, hadi bibi alipopata chakula na maziwa yakarudi. Bibi analikumbuka jina la mwanamke huyo na la kijiji chake, karibu na Morobo. Nilikuwa nimeanza kuandika habari za cherehani. Aliniambia niache hiyo kwanza, nigeuze ukurasa, niandike jina hilo juu.